Msimu wa 2026 wa mpira wa Kigaeli na halingi: sheria mpya, muundo mpya, tuangalie wapi?

Kisiki_Mkavu

Wakuu, heshima kwenu.

Ligi za Ayalandi zinaanza mwishoni mwa Januari, ya mpira wa Kigaeli (ule wa miguu na mikono) na ya halingi (ule wa gongo; naiandika hivyo kama tunavyoandika kriketi na raga, asiyependa anivumilie). Misingi naijua: watu 15 kila upande, goli lina pointi tatu, mpira ukipita juu ya mtambaa panya kati ya nguzo ni pointi moja, dakika 70 kwa timu za kaunti, wachezaji wote wa ridhaa na hakuna kununuana. Nilipokwama ni kwenye mapya.

Sheria mpya za mpira wa Kigaeli, za kamati ya Jim Gavin (kocha wa zamani wa Dublin), zilijaribiwa 2025, na Oktoba zikapitishwa ziwe za kudumu. Pointi mbili ukipiga kutoka nje ya tao la mita 40 (mstari wa mviringo uliochorwa mbele ya goli), sawa. Sasa nikiona matokeo yameandikwa 0-10 najuaje ni mipira mingapi? Halafu muundo wa ubingwa wa mpira umebadilishwa tena, kila nikisoma napotea njiani. Ligi yenyewe ina uzito au ni mazoezi? Na kwenye halingi, baada ya kaunti ya Cork kuzama vile kwenye fainali ya 2025, nani wa kumtazama?

La mwisho ni gongo (la mti, siyo la kunywa). Mtu mzima anayeanza achukue la ukubwa gani, na akague nini kabla hajalipa?

Nawasilisha.

---

mtambaapanya

Mleta mada, tuanze na maandishi. Namba ya kwanza ni magoli, ya pili ni pointi. Fainali ya mpira ya 27 Julai 2025 iliisha Kerry 1-26, Donegal 0-19, yaani 29 kwa 19. Mpira wa pointi mbili hauna safu yake, unamezwa ndani ya namba ya pili. Kwa hiyo hiyo 0-10 yako inaweza kuwa mipira kumi, na inaweza kuwa saba tu: mitatu ya mbili-mbili na minne ya moja-moja. David Clifford, mshambuliaji wa Kerry, alimaliza fainali ile na 0-9, na mitatu kati ya mipira yake ilikuwa ya mbili. Piga hesabu: alipitisha mipira sita, siyo tisa. Magazeti mengine huongeza mabano kuonyesha, mengine hayajisumbui.

Ukiwa unaangalia, tazama wale waamuzi wa golini wenye makoti meupe. Bendera ya kijani ni goli, nyeupe ni pointi moja, ya rangi ya chungwa ni mbili. Na usidanganywe na ile "45", adhabu inayopigwa kutoka mstari wa mita 45 pale beki anapoutoa mpira nyuma ya mstari wake wa goli. Mstari huo uko nje ya tao, lakini mpira ule ni pointi moja tu. Faulo ya kawaida iliyopigwa kutoka nje ya tao, hiyo ni mbili.

Sasa, watu wote wanaimba tao, tao. Kwangu mimi kilichogeuza mchezo ni kiki ya kipa. Zamani kipa alikuwa anammegea beki wa pembeni pale karibu, anarudishiwa, timu inapanda taratibu kama msafara wa harusi. Sasa kiki yake lazima ivuke tao la mita 40, na kipa haruhusiwi kurudishiwa mpira na mwenzake ndani ya nusu yao, isipokuwa wote wawili wawe ndani ya kisanduku kikubwa. Matokeo yake mpira unapaa hadi katikati, watu wanauruka, na mwenye bahati anaokota makombo. Ukiupoteza unafungwa. Ukifungwa unapiga kiki nyingine, kwa watu wale wale walioshakushinda dakika moja iliyopita. Hapo ndipo timu inazama bila kujua imezamaje.

Robo fainali ya Kerry na Armagh mwaka jana irudieni kuitazama. Armagh walikuwa mabingwa watetezi na mchezo ulikuwa wa kukabana koo hadi kipindi cha pili. Kisha Kerry wakafunga pointi 14 mfululizo bila jibu, kiki za Armagh zikiishia mikononi mwao moja baada ya nyingine. Iliisha 0-32 kwa 1-21. Msimu huu, kabla hujasema timu fulani ina washambuliaji wakali, hesabu kwanza inashinda kiki ngapi za kwake yenyewe.

---

Kisiki_Mkavu

Ahsante mkuu. Na ile sheria ya watu watatu?

---

mtambaapanya

Kila timu lazima iwe na watu watatu nusu ya mpinzani na watatu nusu yake muda wote, ukiacha kipa. Kwa hiyo kupaki basi kwa watu 15 kumekufa. Kosa linalojirudia ni la mshambuliaji mwenye moyo: anamfukuza mtu aliyempora mpira, anavuka mstari wa kati, nyuma yake wamebaki wawili. Ni faulo hata kama hajamgusa mtu. Timu nzuri zina mtu mmoja wa katikati ambaye kazi yake ni kupiga kelele "rudi" na kubadilishana nafasi.

Mbili nyingine za kukumbuka. Aliyechezewa faulo anaweza kuanzisha mwenyewe papo hapo na mpira mguuni, na haruhusiwi kukabwa hadi atembee mita 4. Na ukibishana na mwamuzi au ukamnyima mpinzani mpira wa faulo, mpira unasogezwa mita 50 kuelekea goli lako. Kwa mpigaji wa masafa hiyo ni zawadi. Rory Beggan, kipa wa Monaghan, sheria zimempunguzia kutembea uwanjani, lakini faulo za mbali bado anazipiga, na Monaghan wamerudi daraja la kwanza.

---

Mwana_Kisauni

Muundo mimi nitausema pole pole, maana hata watangazaji wao wanauchanganya.

Timu 16 zinagombea Kombe la Sam Maguire, yaani ubingwa wa nchi wa mpira. Zilizobaki zinakwenda Kombe la Tailteann, la ngazi ya chini yake. Kati ya hizo 16, nane ni zile zilizofika fainali za majimbo manne (Munster, Leinster, Ulster, Connacht). Mzunguko wa kwanza, hizo nane kila moja iko nyumbani dhidi ya moja ya nane nyingine. Ukishinda unaingia 2A, ukipoteza unaingia 2B, lakini bado uko hai.

Washindi wanne wa 2A wako robo fainali moja kwa moja. Waliofungwa 2B, kwaheri. Kisha waliofungwa 2A wanakutana na walioshinda 2B katika mzunguko wa tatu, na washindi wanne hapo wanakamilisha robo fainali. Kwa maneno mengine: shinda mbili za mwanzo upumzike, au poteza moja na ushinde mbili. Ukipoteza mbili, nenda nyumbani ukavune viazi.

Ulinganishe na 2025. Kulikuwa na makundi manne ya timu nne, mechi 24, kwa kazi ya kuondoa timu nne peke yake! Sasa mechi nane za mwanzo haziondoi mtu, lakini kila moja inaamua kama utapata njia fupi au ndefu.

Ninalolalamikia ni moja. Bingwa wa jimbo na aliyefungwa fainali wanapata zawadi ile ile, kucheza nyumbani mzunguko wa kwanza. Louth walichukua Leinster 2025 kwa mara ya kwanza tangu 1957, kaunti nzima ikalia machozi. Kwa hesabu za ubingwa wa nchi, chini ya muundo huu mshindi na mshindwa wa siku kama ile wangetoka wako sawa. Fainali inakosa chumvi.

---

babu_wa_terrace

Ligi ni bonanza. Tope, baridi, vijana wa majaribio. Niamsheni Aprili, ubingwa ukianza.

---

Mwana_Kisauni

Babu, shikamoo, ila hapo nakukatalia.

Chukua kalamu. Nafasi 16: nane za fainali za majimbo, moja ya bingwa wa Tailteann wa mwaka uliopita, ambaye ni Kildare, na saba zilizobaki zinatolewa kwa msimamo wa ligi. Daraja la kwanza lina timu nane, la pili nane. Jumla 16, inakaa sawa kabisa, mradi asiingie mgeni. Lakini timu ya daraja la tatu au la nne ikifika fainali ya jimbo, lazima mtu wa chini daraja la pili atolewe kumpisha. Droo za Munster na Connacht huwa na mlango huo, kwa sababu timu ni chache na upande mmoja unaweza kuwa laini.

Juu ya hapo, wanaoshuka kutoka daraja la pili huhesabiwa chini ya wanaopanda kutoka la tatu. Msimu huu daraja la pili lina Derry, Tyrone, Meath, Cork, Louth, Cavan, Kildare na Offaly. Kildare tiketi wanayo mfukoni. Wengine saba, ukitoa atakayefika fainali ya jimbo lake, wana mechi saba za kupigania maisha. Kwa timu kama Cavan, mechi moja ya Februari kwenye tope inaweza kuwa tofauti ya Sam Maguire na Tailteann.

Daraja la kwanza ni kweli, kuna wanaofanya majaribio: Armagh, Donegal, Dublin, Galway, Kerry, Mayo, Monaghan, Roscommon. Lakini hata humo wawili wanashuka. Derry na Tyrone walishuka mwaka jana, na Tyrone wale wale wakafika nusu fainali ya ubingwa. Basi tukubaliane nusu: kwa wa juu kabisa ligi haikuambii mengi, kwa wa katikati ni kila kitu.

---

babu_wa_terrace

Marahaba. Nimesikia. Bado niamsheni Aprili, lakini mlango wa Cavan nitauchungulia.

---

Fundi_Kiganja

Nimeona hakuna aliyegusa gongo, naomba niligonge mimi.

Urefu: simama wima, gongo likiwa limesimama pembeni ya mguu, ncha ya juu ifike mfupa wa nyonga au chini yake kidogo. Kwa watu wazima hiyo huangukia inchi 34 hadi 36. Anayeanza akikosea, bora akosee kwa fupi. Refu linachelewa kugeuka, na kwenye msongamano unachapwa kabla hujapiga.

Kile kipande kipana cha chini Waayalandi wanaita bas, neno la Kiayalandi lenye maana ya kiganja. Kisheria hakizidi sentimita 13 kwa upana. Hapo ndipo ukague. Gongo la jadi huchongwa kwa mti wa eshi, tena sehemu ya chini kabisa ya shina, kama mita 1.3 kutoka ardhini, pale mti unapoanza kupanuka kuwa mizizi. Sababu ni mishipa ya mbao: pale inapinda yenyewe, kwa hiyo inafuata mkunjo wa gongo hadi ncha ya kiganja. Ligeuze kwenye mwanga ufuatilie mistari kwa kidole. Ikikunja pamoja na kiganja, chukua. Ikikatiza moja kwa moja na kutokea pembeni, gongo hilo litapasuka hapo hapo siku ya kwanza mtakapogongana, hata ulifunge bati mara mbili. Lile bati jembamba linalozunguka kiganja linazuia ufa usitembee, haliponyi mbao mbovu.

Lishike kwa kulisawazisha juu ya kidole. Uzito ukiwa wote chini kwenye kiganja, mkono utachoka kabla ya dakika ya 20.

Eshi imeadimika. Ugonjwa wa kuvu unaokausha miti hiyo ulionekana Ayalandi mwaka 2012, na mbao nyingi sasa zinaagizwa kutoka nje. Ndiyo maana utakutana na magongo ya mianzi iliyobanwa kwa gundi na ya plastiki ngumu. Ya mianzi yanadumu na yanakaribia sana kuhisi kama mbao. Ya plastiki hayapasuki kirahisi, lakini mpira unaruka tofauti, na wengine hulalamika mtikisiko wa kiwiko. Kwa mazoezi ya ukutani peke yako, plastiki inatosha. La mbao lipake mafuta ya kitani kidogo kwa kitambaa, likae mbali na hita. Likikauka sana linakuwa jepesi na kuvunjika kama biskuti.

Mpira wake ni sliotar, tamka "slita". Wa watu wazima una gramu 110 hadi 116 na kipenyo cha milimita 69 hadi 72, ngozi yenye kingo zilizoinuka. Ukilowa unakuwa mzito na hauendi, kwa hiyo usifanye mazoezi ya masafa na mpira uliolala kwenye nyasi mbichi halafu ukajilaumu.

Kofia yenye chuma cha usoni ni lazima kwa kila mchezaji tangu 1 Januari 2010. Tafuta alama ya kiwango cha IS 355. Kuna watu wanang'oa fito moja ili waone vizuri. Ukishafanya hivyo kofia haifikii tena kiwango, na nafasi ile inatosha ncha ya gongo kupita.

Kwa waliocheza hoki shuleni: mikono imegeuzwa. Kwenye hoki mkono wa kushoto uko juu. Huku mkono wako wenye nguvu ndio unakaa juu, mwingine unateremka wakati wa kupiga. Na unaruhusiwa kutumia pande zote mbili za kiganja. Mpira ulio chini hauokotwi kwa mkono, unachotwa kwa gongo kwanza, ndipo unashikwa, na ukiwa mkononi ni hatua nne tu.

---

Sauti_ya_Thurles

Halingi sasa. Fainali ya 2025 muitazame kama nusu mbili za mechi tofauti. Mapumziko: Cork 1-16, Tipperary 0-13. Mwisho: Tipperary 3-27, Cork 1-18. Maana yake kipindi cha pili Tipperary walifunga 3-14 na Cork 0-2. Pointi mbili ndani ya dakika 35, timu iliyokuwa imechukua ligi na Munster mwaka ule ule.

Kilichotokea hakikuwa uchawi. Tipperary waliweka beki wa ziada mbele ya goli, mipira mirefu ya Cork kwa mshambuliaji wao Brian Hayes ikawa inaangukia watu wawili. Cork hawakubadilisha, waliendelea kupiga mrefu. Kipa wa Tipperary, Rhys Shelly, akadaka penalti, tena akafunga pointi mwenyewe kutoka uwanjani. Penalti upande wa pili Darragh McCarthy wa Tipperary hakukosa, akamaliza na 1-13.

Kwa hiyo swali la 2026 kwa Cork, chini ya kocha mpya Ben O'Connor, ni moja: wanacho kitu cha pili mrefu ukizibwa? Angalieni wanavyocheza dhidi ya timu yoyote itakayoacha mtu wa ziada nyuma. Kaunti ile haijachukua ubingwa tangu 2005, nahodha akiwa Seán Óg Ó hAilpín, mzaliwa wa Fiji. Presha yake si ya mchezo.

Na msije mkatabiri kwa kujiamini sana. Tipperary 2024 walimaliza mkiani Munster na pointi moja ya msimamo. Mwaka uliofuata mabingwa. Clare walikuwa mabingwa 2024, na 2025 wakashuka daraja la ligi! Limerick, waliochukua manne mfululizo 2020 hadi 2023, walitolewa robo fainali na Dublin waliokuwa 14 uwanjani kwa sehemu kubwa ya mechi. Munster ina timu tano, kila moja inacheza nne, watatu wanasonga, wawili wanakwenda nyumbani. Hakuna mechi ya kupumzika pale. Leinster Kilkenny wamechukua mara sita mfululizo, lakini ubingwa wa nchi mara ya mwisho ni 2015, na nadhani utulivu wa Leinster ndio unaowaponza wanapokutana na watu waliotoka kwenye moto wa Munster.

Nikilazimishwa kuchagua, Limerick. Wamepumzika wasivyotaka.

---

Kisiki_Mkavu

Nimeshiba. Saa za Afrika Mashariki je? Na tiketi kwa walioko huko?

---

Mwana_Kisauni

Hadi Jumamosi 28 Machi ongeza saa tatu juu ya saa ya Dublin. Mechi ya ligi ya Jumamosi jioni inayoanza 19:30 kwao ni saa 4:30 usiku Nairobi na Dar. Kuanzia Jumapili 29 Machi wanasogeza saa mbele, unaongeza mbili tu. Fainali ya halingi ni 19 Julai, ya mpira 26 Julai. Zikianza 15:30 kama mwaka jana, ni saa 11:30 jioni kwetu, saa 10:30 Bujumbura, Kigali na Goma, saa 12:30 Muscat. Wengi hukosa nusu ya kwanza wiki ile ya Machi kwa kusahau tofauti imepungua, tena ndiyo wiki ya mwisho wa ligi ya mpira.

Nje ya Ayalandi njia ya kawaida ni GAA+ (huduma ya matangazo mtandaoni ya GAA, chama cha michezo hii), lakini fungua ukurasa wa mechi husika siku mbili kabla, kwa sababu haki za matangazo zinatofautiana mechi kwa mechi. Kwa walioko kule: usitegemee kulipa mlangoni, tiketi za ligi zinanunuliwa mapema mtandaoni. Za fainali haziuzwi hovyo. Croke Park, uwanja wa fainali ulioko Dublin, inabeba watu 82,300 na bado hazitoshi, zinagawiwa kupitia klabu na kaunti. Anayetaka kuiona fainali ya Julai ajiunge na klabu ya mtaani kwake sasa hivi, Januari hii, na asaidie kuwabebea watoto mipira. Majina ya kuomba tiketi huanzia humo.

---

babu_wa_terrace

Na avae koti la mvua. Mwavuli jukwaa la kusimama hauruhusiwi na majirani.